Damu ya Vuguvugu ya Mzee Masanja

Wiki niliyostaafu, vijana wa maabara walinipakia kwenye gari wakanipeleka Dodoma kunionyesha mashine. Lilikuwa sanduku lenye rafu, na kwenye rafu imelala mifuko midogo ya maji yenye rangi ya asali changa, inatikiswa kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mama anayebembeleza mapacha. Binti mmoja akanieleza kwa heshima zote kwamba hizo ni chembe sahani, vile vidude vya kwenye damu vinavyokimbilia jeraha na kuliziba. Akasema hazipendi baridi ya friji, zinataka joto la chumbani na kutikiswa mchana kutwa, usiku kucha, na hata ukizilea hivyo baada ya siku chache zinakufa. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwa mashine hiyo kabla hujazaliwa. Akacheka, akadhani mzee anapayuka. Basi haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake, na kama nitaongeza chumvi, mtakumbuka kwamba nimetoka Singida, chumvi ya ziwani tunaifahamu.

Nilianza kazi nikiwa mfagiaji katika hospitali ndogo ya barabarani, upande wa Mkiwa, miaka michache baada ya Uhuru. Darasa la nne nililikamata, la tano likanikimbia. Lakini serikali ikasema watu wazima wasome, na mimi nikasoma. Kila jioni nilikuwa kwenye ukumbi wa chama, chini ya taa ya karabai, nimekaa benchi moja na mpishi wa hospitali na wazee wawili waliokuja hasa kwa ajili ya kuota joto la taa. Nilisoma mpaka macho yakawa mekundu, mbwa wa jirani wakaacha kunibwekea kwa hofu. Nilipofaulu, mganga mkuu aliniita, akanipokonya ufagio kwa mkono wake mwenyewe, akanipeleka maabara kwa Bwana Zakaria.

Bwana Zakaria alikuwa fundi wa maabara kutoka Kilimanjaro, mtu mfupi, mpole, mwenye kusema kidogo kama vile maneno yanauzwa kwa kibaba. Siku ya kwanza alinipa chupa ya kioo yenye maji yaliyotiwa mafuta ya alizeti, akaniambia niizungushe taratibu bila kutoa povu. Nikazungusha. Akaenda kunywa chai, akarudi, nazungusha. Akaenda wodini, akarudi, nazungusha. Naapa jua lilichoka kabla yangu. Jioni akaishika chupa, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Damu ni kama mkwe. Ukimtikisa anakasirika, ukimwacha peke yake anaganda." Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kunipa.

Maana kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoaji analala kitandani, unamfunga mpira kwenye mkono, unamwambia akunje ngumi, unatafuta mshipa. Chupa unaiweka chini karibu na sakafu ili damu iteremke yenyewe. Ndani ya chupa mna dawa ya kuzuia isigande, na wewe umechuchumaa pale chini unaizungusha ili damu na dawa vikutane. Mifuko ya plastiki hatukuijua. Sindano zilichemshwa, zikiwa butu zilinolewa kwa jiwe, na ilikuwepo moja tuliyoiita Mkuki, ambayo nina hakika ilipigana vita vya zamani kabla ya kuajiriwa hospitali. Mwanaume aliyekuja akijisifu kwamba amewahi kufukuza fisi kwa mikono mitupu, akiuona Mkuki alikumbuka kwamba ameacha ng'ombe peke yao.

Baada ya kukusanya, unapima. Tone la damu kwenye kigae cheupe, dawa ya kupimia kundi la damu huku na huku, unatazama wapi inavunjika kama maziwa yaliyochacha. Kisha malaria kwa darubini, ambayo ilikuwa na kioo cha kuvuta mwanga wa jua, kwa hiyo wingu likipita kazi inasimama na wewe unasimama mlangoni unalisubiri. Kisha kaswende, na hapo ndipo waume wa watu walipokuwa wapole kuliko malaika, wakiniuliza kwa kunong'ona kama majibu husomwa kwa sauti.

Na friji. Friji yetu iliwashwa kwa mafuta ya taa. Utambi ukiwa mfupi, damu inapata joto na kuharibika. Utambi ukiwa mrefu, damu inageuka barafu, nayo ni ya kumwaga. Ilitoa moshi wa kutosha kukausha samaki wa wilaya nzima. Mpishi, yule mwanadarasa mwenzangu, alijaribu kuhifadhi humo maziwa yake ya mgando, akidai kwamba chupa na chupa ni ndugu. Bwana Zakaria hakumgombeza. Alimpa chupa mbili azishike, moja ya maziwa na moja ya damu, akamwomba afumbe macho na kuchagua ya kunywa. Mpishi hakurudi tena.

Lakini kifaa nilichokipenda kuliko vyote ni maji ya mrututu. Wafugaji wanaujua mrututu, ule unga wa bluu wa kutibu vidonda vya kwato. Sisi tuliuyeyusha kwenye maji kwa kipimo maalumu, tukamimina kwenye gilasi. Unamchoma mtu kidole, unaachia tone lake kwenye maji yale. Likizama, damu yake ni nzito, imeshiba, anaweza kutoa. Likielea, damu ni nyepesi, arudi nyumbani akale maini na mboga za majani. Hakuna kusoma wala kuandika. Kila mtu anaona kwa macho yake. Na hapo ndipo palipokuwa na matatizo.

Wakati watu walipohamia vijiji vya Ujamaa, tulianza kuwafuata huko, kwa sababu mwenyekiti mmoja akikubali, kijiji kizima kinapanga mstari. Ndivyo tulivyofika Ihanja na Land Rover yetu, meza moja, gilasi ya mrututu na Mkuki ndani ya sufuria.

Mwenyekiti wa kijiji kile alikuwa Mzee Ntandu, Mnyaturu mrefu mwenye sauti iliyoweza kuita mvua ikaja kwa woga. Alikuwa kiongozi wa kweli. Alichimbisha kila nyumba choo, na kwenye shamba la kijiji alilima peku, mguu kwenye udongo, ili mtu asiseme kwamba cheo kimemvalisha viatu. Siku hiyo aliwahutubia wananchi kuhusu damu mpaka mimi mwenyewe nikasisimka. Mwishoni akasema kiongozi hasukumi watu mbele, anatangulia, akaninyooshea kidole nikichome.

Nikachoma. Tone likaanguka kwenye bluu. Likashuka kidogo, likasimama katikati kama linawaza, kisha likapanda juu polepole, likatulia pale juu, mbele ya kijiji kizima.

Watu wakageuka kumtazama mwenyekiti. Angeweza kuokoka, maana hakuna mtu wa Ihanja ambaye angethubutu kusema neno. Lakini alikuwepo Mzee Masanja. Huyu alikuwa Msukuma, alifika na ng'ombe wake miaka ya nyuma, akaolea hapo, akabaki. Na Wasukuma na Wanyaturu ni watani toka enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkeo, anaweza kukamata kuku wako akaondoka naye, na siku ukifa ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi huku akiisimanga maiti. Wewe huruhusiwi kukasirika. Unaruhusiwa kujibu tu.

Mzee Masanja akasogea, akainama kwenye gilasi, akatazama kwa makini kama daktari bingwa. "Mwenyekiti," akasema, "hata damu yako haitaki kushuka kwa wananchi."

Kijiji kilianguka chini kwa kicheko. Nimewahi kuona mvua ya mawe, nimewahi kuona nzige, lakini sijawahi kuona watu mia wanalala chini kwa pamoja. Na tazama maajabu: waliokuwa wamejificha nyuma ya ghala wakatoka wote. Kila mwanaume alitaka ijulikane damu yake ni ya aina gani. Wakasukumana. Tone likizama wanapita wakitembea kama majogoo, wakilala kitandani bila hata kuutazama Mkuki. La Mzee Masanja lilizama kama jiwe kisimani. Kundi lake lilikuwa B, vipimo vyake vyote vilikuwa safi, na nasikia kwa mwezi mzima alitamba kwamba serikali imemthibitisha. Tulirudi na chupa nyingi hata Land Rover ikatembea kama kiwavi.

Kabla hatujaondoka, Bwana Zakaria alimvuta Mzee Ntandu pembeni, nami nikiwa karibu nafunga vyombo. Akamwambia kwa adabu kwamba mtu anayelima peku hupata safura, minyoo wanaopenya nyayoni na kunywa damu tumboni. Akamwomba alete choo kidogo tu kwenye kiberiti, tupime, tumpe dawa. Jambo la kawaida, watu walituletea viberiti kila siku, ingawa mara moja moja mtu alisahau na kuwashia sigara. Mzee Ntandu akainyoosha kofia yake. Akasema mwenyekiti wa kijiji hawezi kusafirisha kinyesi chake kwa basi, na kwamba kosa liko kwenye maji yetu. Akaenda zake. Tulisikia baadaye kwamba anakula maini kila yakipatikana. Alikuwa anawalisha minyoo wake vizuri kweli.

Msimu wa kuvuna alizeti, asubuhi moja, lori la ushirika likaingia uwanjani kwetu kwa honi. Juu ya magunia amelazwa Elizabeti, binti wa mwisho wa Mzee Ntandu. Alikuwa amejifungua nyumbani mtoto wa kwanza, mtoto mzima, mwenye kelele, yuko mikononi mwa bibi mmoja. Mama ndiye aliyekuwa hatarini. Damu ilikuwa inatoka na haikomi. Mumewe alikuwa kazini Tanga kwenye mkonge. Mzee Ntandu alimshusha mwenyewe, amembeba kama alivyombeba akiwa mdogo, na nyuma yake akashuka Mzee Masanja na jembe begani.

Sista mkuu wa wodi ya wazazi, mama mnene aliyeogopwa na madaktari, akamuuliza jembe la nini. Mzee Masanja akajibu kwamba yeye ni mtani, ana kazi yake, na kifo kikimwona amekuja tayari na chombo huenda kikaona aibu. Sista akamfukuza yeye na jembe mpaka ukutani nje.

Daktari wetu alikuwa kijana mtulivu. Akamshona Elizabeti palipochanika, akakandamiza tumbo kwa mikono yake, akaagiza damu. Friji ilikuwa na chupa ya B, kundi lake hasa. Nikalinganisha, ikapatana, tukamtundikia. Midomo ikapata rangi kidogo, lakini damu iliendelea, na sasa ilitoka hata kwenye tundu la sindano. Daktari akavuta damu ya Elizabeti kidogo kwenye kijaribio, kile kichupa chembamba cha kioo, akaniwekea mkononi, akasema nikishike kwenye kiganja kipate joto la mwili, niinamishe mara kwa mara, ikiganda nimwite.

Nikashika. Nikainamisha. Ikatiririka kama maji ya mto. Nikasubiri, nikainamisha tena. Maji.

Bwana Zakaria alinieleza hapohapo, na nawaeleza ninyi kama alivyonieleza. Damu ya friji inaleta rangi na nguvu, lakini zile chembe sahani zinazoziba jeraha zimekwisha kufa kwa baridi. Na za Elizabeti zilikuwa zimeisha, zimemwagika na damu yake. Ilitakiwa damu itoke kwenye mkono wa mtu na kuingia kwenye mkono wake kabla haijapoa. Siku hiyo nilielewa kwamba friji yetu, tuliyoipenda na kuilisha mafuta ya taa kama mtoto, haikuwa na msaada wowote.

Mzee Ntandu naye, tulipompima, alikuwa B. Alishakunja mkono wa shati kabla hatujamwambia. Nikamchoma kidole. Ningetoa mshahara wangu ule mdogo kwa lile tone lizame. Likashuka, likasimama, likarudi juu.

"Chukueni hivyohivyo," akasema.

Bwana Zakaria akamwambia haiwezekani. Damu ya mzee ilikuwa nyepesi kama chai ya rangi, isingemsaidia binti, na yeye mwenyewe angeanguka mlangoni. Mzee Ntandu akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kwamba anayo, kama ni wale minyoo. Bwana Zakaria akasema ndiyo, ni safura. Mzee akakaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. Hakuna aliyecheka. Hata mimi ninayecheka kwenye matanga.

Nikatoka mbio nje, kwa Mzee Masanja, mwenye ile B iliyozama kama jiwe. Nikamwambia yote. Akaniangalia, akalitazama jembe lake. "Nilikuja kuzika," akasema, "mnanipa kazi ya kuzalisha." Akapita ndani, akamkabidhi Mzee Ntandu jembe. "Nishikie. Na usilime nalo peku."

Hapo tukapata kizuizi kingine, naye ni Sista. Damu isipoe maana yake mtoaji alale kitanda cha jirani, na kitanda cha jirani kilikuwa wodi ya wazazi, ambako mwanaume asiye daktari hakuwahi kukanyaga tangu jengo lijengwe. Mimi mwenyewe niliingia kwa macho ya chini. Daktari akaomba, Sista akakataa. Daktari akaomba tena. Mwishowe Sista akakubali kwa sharti kwamba mzee afunikwe uso. Akamfunika kwa khanga ya maua makubwa mekundu, akaichomeka pembeni mwa godoro kama anafunika maandazi. Mzee Ntandu akaamriwa abaki nje, dirishani, na jembe lake la kuazima.

Nikamfunga mpira, nikaingiza sindano. Ilikuwa Mkuki, zingine zilikuwa zinachemka. Mzee Masanja hakutikisika. Alilalamika tu kutoka ndani ya khanga kwamba kijiji chote kimethibitishiwa damu yake na sasa inatolewa gizani kama pombe ya magendo. Nikachuchumaa chini na chupa nimeikumbatia tumboni, ndani ya koti, isipoe, nikaizungusha. Sijawahi kuzungusha hivyo maishani mwangu. Yale maji ya alizeti, ile siku nzima ya kwanza, yote yalikuwa kwa ajili ya chupa hii moja. Ilipojaa, Bwana Zakaria aliipokea ikiwa bado ina joto la mtu, akaitundika, ikaanza kuteremka kwa Elizabeti. Daktari hakutoa mikono yake tumboni.

Ilipokaribia kwisha, daktari akanipa kijaribio kipya. Nikakishika kiganjani. Dirishani Mzee Ntandu hakuwa anamtazama bintiye, alikuwa anautazama mkono wangu. Nikainamisha. Ikatiririka. Nikafumba kiganja, nikahesabu maombi yote niliyofundishwa na mengine ya kubuni. Nikainamisha tena. Ikavuta, nzito, haitaki kuondoka. Nikasubiri. Mara ya mwisho nilikipindua chini juu kabisa, na hakikudondosha kitu. Damu ilikaa mle kama uji wa jana kwenye bakuli. Nikakiinua tu, kimepinduliwa vilevile, wote wakione.

Daktari akaangalia chini ya shuka. Akasema, "Inakata."

Nje Mzee Ntandu aliegemea jembe. Akavua kofia yake, akaishika kifuani. "Masanja," akasema, "ndugu yangu. Nakushukuru. Mungu aku..."

"Nani ndugu yako?" ikajibu khanga. "Ukinishukuru nimekuwa ndugu, na ndugu hatukanwi. Utavunja utani wa babu zetu kwa chupa moja? Nitukane, mwenyekiti."

Wodi nzima ikasubiri. Sista alisimama na beseni mkononi. Mzee Ntandu alijaribu, akafuta macho kwa kofia, akajaribu tena. Tulidhani hataweza.

"Masanja," akasema mwishowe, "mla michembe ya viazi wewe. Umelala wodi ya wazazi tangu asubuhi, umefunikwa khanga, unapiga kelele, na bado hujajifungua."

Khanga ikashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyepewa maji ya baridi baada ya safari. "Hapo sasa," ikasema.

Na kutoka kitanda cha jirani ikasikika sauti nyembamba, ya kwanza tangu lori lifike. "Baba, nyamazeni huko. Mkinichekesha nyuzi zinauma."